Bombo Nne za Nadège

Mama Suzanne hakumchukia Nadège, hilo tuliseme mapema. Alimpenda hata kabla hajamwona, kwa sababu mwanawe Dany, fundi wa mashine za boti pale Baraka, alikuwa amefikisha miaka thelathini na miwili bila kuleta msichana nyumbani, na mama alishachoka kuulizwa kanisani. Kilichomtisha ni ugonjwa. Nadège, binti wa kijiji cha Kazimia, alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu ana miaka kumi na mmoja.

"Mutoto mudogo vile?" alishangaa Arlette, dada mkubwa wa Casimir, mume wa Suzanne. "Ile ni ugonjwa ya batajiri, bazee ba matumbo makubwa! Huyu alilamba sukari sana. Na banasema inaambukiza. Hatazaa. Na mutu akianza sindano, basi, amekwisha."

Arlette alikuwa hajawahi kusoma hata karatasi moja juu ya ugonjwa huo, lakini alisema kama daktari mkuu. Suzanne akameza yote.

Nadège akaja kwa boti, akae siku tatu na kuwapikia wakwe. Baada ya hapo, kwa desturi ya nyumba ile, mama mkwe ndiye mwenye kusema neno la mwisho, mahari yapelekwe Kazimia au yasipelekwe. Mkononi Nadège alibeba chungu kidogo chenye mchanga wa majimaji, na ndani ya mchanga kichupa kimefungwa vizuri kwa plastiki. Suzanne akarudi nyuma. Dawa za kienyeji, tayari!

"Ni frigo yangu, mama," Nadège akacheka. "Insulini haipendi joto, na kwetu kuran ya umeme haiko. Mchanga ukiwa na maji, chupa inabakia baridi."

Asubuhi alijidunga kidole, akasoma namba kwenye kimashine, akaiandika daftarini, akajichoma sindano tumboni bila hata kukunja uso. Kisha, baba mkwe alipomaliza kula, akala kipande cha bugali na kwenda kutwanga sombe, majani ya muhogo. Suzanne, aliyezaa watoto sita na bado anafumba macho mbele ya sindano, alibaki mdomo wazi. Mtoto huyu alifanya hivyo kila siku ya Mungu, tena akiimba!

"Kumbe unakula bugali?"

"Ninakula, mama, kwa kipimo. Hata kuzaa nitazaa, ila daktari atanifuata karibu. Na hauwezi kuambukizwa, usiogope kikombe yangu."

Suzanne aliona haya, maana kweli kikombe kile alikuwa amekitenga.

Siku ya pili, akifagia chumba cha mgeni, akakuta bombo nne kwenye kimfuko cha Nadège, pipi zile za karatasi nyekundu. Masikini, mtoto anajiua kwa siri! Hakutaka kumwaibisha, kwa hiyo akazichukua kimya kimya, akazifunga kwenye pindo la kitenge chake. Arlette naye, aliponong'onezewa, akabeba kopo la sukari la jikoni na kulificha chini ya kitanda, akilitoa tu kwa chai ya Casimir. Wakajiona wamefanya wema mkubwa.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili. Samaki wa mikeke wa kuchoma, sombe, bugali laini. Nadège aliuliza chakula ni saa ngapi, akaambiwa saa saba, basi saa saba kasoro akajichoma sindano yake. Lakini nyumbani kwa Casimir mkamwana haweki kitu kinywani kabla baba mkwe hajamaliza kula, na siku hiyo akatokea Mzee Déogratias wa kanisani, akaomba abariki meza. Lo! Sala yake ilianzia kwa Adamu. Alipofika kwa Musa, samaki walikuwa wameshapoa. Baada ya amina wanaume wakaanza mambo ya nyavu, na saa nane ikapita.

Jikoni mwiko ukamponyoka Nadège. Jasho lilimtoka kama mtu aliyemwagiwa maji, mikono ikitetemeka. Akashika kimfuko chake, akakipindua. Kitupu.

"Mama... bombo yangu. Sukari. Mbio."

"Sukari!" Arlette akaruka. "Uko na ugonjwa ya sukari, unaomba sukari? Unataka kufia kwetu, batu baseme tumekuloga?"

Suzanne aliweka mkono kwenye pindo la kitenge. Hakulifungua. Tusimfichie: aliogopa, akasimama tu pale kama mti, na mtoto wa watu anapepesuka mbele yake.

Nadège hakungoja. Akatoka, akishika ukuta, hadi barazani kwa wanaume. Akapiga magoti mbele ya Casimir, akachukua chai yake, ile ya vijiko vitatu vya sukari, akainywa yote hadi chini. Mbele ya mzee wa kanisa! Baada ya muda macho yake yakatulia, sauti ikarudi.

"Baba, munisamehe," akasema. "Dawa imeshusha sukari yangu, na chakula ilichelewa. Ikipanda inaniumiza polepole. Ikishuka inaniua mbio. Ningengojea adabu, mungenizika leo."

Akavuta sahani ya Casimir, akala.

"Mumeona?" Arlette alifoka kutoka mlangoni. "Anakunywa kwa kikombe ya baba mukwe! Dany atafute mwingine!"

Casimir akamgeukia mkewe. "Suzanne, neno ni yako."

Suzanne alisikia aibu ikimpanda hadi masikioni. Akafungua pindo, akaweka bombo nne mezani, mbele ya wote.

"Ni mi niliiba dawa yake," akasema. "Nilizishika hapa, yee akiniomba. Mutoto huyu analinda maisha yake tangu yuko na miaka kumi na moja, bila kukosa siku hata moja. Mi nilishindwa kuyalinda dakika kumi." Machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Baba Dany, peleka mahari. Na usichelewe, bengine bataona mutu mwenye roho kama hii, bamuchukue."

Nadège aliinuka akamkumbatia, huku bado anatafuna samaki wa baba mkwe.

Jioni, wakati wa chakula, Casimir alinawa mikono na kukaa mahali pake. Suzanne alipita mbele yake na sahani ya kwanza, akampelekea Nadège, ambaye alikuwa ametoka kujichoma sindano.

"Kula, mama," Suzanne akamwambia.

Nadège alimtazama baba mkwe. Casimir, mikono bado inadondosha maji, akanyoosha kidevu kumwonyesha sahani, na nyumba nzima ikamngoja ameze tonge la kwanza.