Kukaa Mwaka Mzima

Mtoto wa miaka minne akigoma kula, mama yake anajua la kufanya. Akigoma kulala, vilevile. Lakini akigoma kukaa? Msusi hakuwahi kusikia balaa la namna hiyo. Binti yake, Chiriku, alikula amesimama, akachora amesimama, akasinzia ameegemea kabati mpaka magoti yakamlegea. Ukimvutia kiti, anakiruka kama kina moto. Mwalimu wa chekechea alipiga simu kuuliza kama nyumbani kuna usalama.

Na hayo yote yalizuka wakati nyumba yenyewe iko juu chini. Mume wa msusi, fundi wa mashine za hospitali, alikuwa amepata mafunzo ya mwaka mmoja ng'ambo, na kauli ilikwisha kukatwa: wanakwenda wote, yeye, mkewe, Chiriku na mdogo wake wa kunyonya. Masanduku yalikuwa wazi sebuleni. Fundi anajaza, msusi anatoa. Anakwenda saluni, anasuka nusu kichwa, anakumbuka chanjo ya mtoto, anarudi mbio huku mteja wa watu amebaki upande mmoja nywele zimesimama. Kutwa kiguu na njia, na hakuna alichomaliza.

"Mtoto mgonjwa huyu," alimwambia mumewe. "Hatuwezi kusafiri hivi. Tangulia wewe."

"Daktari kampima utosini mpaka unyayoni. Mzima kabisa."

"Daktari gani? Yule aliyekuwa anachezea simu?"

Tusifichane: ugonjwa wa Chiriku ulimfaa msusi. Mama yake mzazi, ambaye aliishi nao, moyo wake ulikuwa mbovu, na tangu siku alipoanguka bafuni msusi hakuwa na raha. Dada yake mkubwa alikwisha kukubali kuhamia hapo amtunze. Sawa, lakini mwaka ni mwaka. Je, akirudi asimkute? Hilo msusi hakumwambia mtu. Alisema masweta hayatoshi, akasema chanjo, akasema Chiriku.

Jumamosi asubuhi wote walikuwa sebuleni, na bibi, aliyekuwa kwenye kochi, akanyoosha mikono. "Njoo nikupakate, mke mwenzangu."

"Sitaki," Chiriku akajibu. "Kukaa bado."

"Bado nini tena?"

"Baba amesema tutakaa mwaka mzima. Sasa hivi nasimama kwanza."

Lo! Fundi akashika kiuno. Ni yeye aliyemfundisha mtoto mambo ya ndege kwa viti vya jikoni: kila mtu anakaa, anafungwa mkanda, marufuku kusimama mpaka uruhusiwe. Chiriku akauliza watakaa mpaka lini. Fundi, akipambana na zipu ya sanduku, akamjibu bila hata kugeuka kwamba watakaa mwaka mzima.

"Na chooni je?" Chiriku aliuliza, machozi yakimlengalenga.

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Fundi akachuchumaa mbele ya binti yake. "Sisi tunakaa wapi?"

"Hapa."

"Na hapa hukimbii? Huchezi?"

"Nakimbia."

"Basi na huko tutakaa hivyohivyo."

Chiriku akalipima hilo neno, akaridhika, akajitupa kwenye kochi, puu! Akashusha pumzi kama mzee aliyetoka shamba.

"Haya, mgonjwa wetu kapona," fundi alisema, akimtazama mkewe.

Msusi hakucheka. Alijiona kama amenyang'anywa kitu. Akainamia sanduku, akaanza tena kutoa masweta, moja baada ya jingine, hata hajui anayapeleka wapi.

Chiriku, sasa amepata neno jipya, hakulipa nafasi ya kupumzika. "Na bibi je? Atakaa mwaka mzima?"

Mtoto aliuliza kama bibi ataendelea kuishi nyumba hii. Lakini watu wazima walisikia swali jingine kabisa. Fundi akatazama sakafu. Mikono ya msusi ikakwama sandukuni.

"Sijui, mjukuu wangu," bibi alisema. "Sijui kama nitakaa."

Hapo msusi akaangua kilio. "Mimi siendi, mama! Waende wenyewe. Nitapigiwa simu niko huko, nitafanya nini? Nabaki, nabaki nikuangalie."

Mama yake akamwacha alie kidogo. Hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Ukibaki kwa ajili yangu, utakuwa unasubiri nife," alisema. "Hupendi, najua. Lakini ndicho utakachokuwa unakisubiri, na mimi kila siku nitakuona unakisubiri. Usiniwekee hilo ndani ya nyumba. Nenda na watoto wako, mwanangu."

Msusi aliyaacha masweta yaliyobaki sandukuni. Alijikokota mpaka kwenye kochi, akalaza kichwa mapajani pa mama yake, na fundi akaendelea kupakia peke yake.