Nywele za Kujaribia Hina

Banda zima la kufungia mboga lilijua kwamba Jumatatu meneja mpya angesimama langoni awachambue vibarua kama maharagwe, wazee upande wao. Namalwa hakuuliza kwa nini. Kampuni haiogopi mvi kwa kuwa ni nyeupe. Inaziogopa kwa kuwa zilikuwepo. Zilikuwepo siku ile mkubwa wa zamani alipopanda juu ya kreti akaahidi, mbele ya watu na Mungu, kwamba vibarua wa miaka mingi wataandikwa wa kudumu. Ukishawafukuza wenye mvi, nani tena atasema aliisikia ahadi hiyo?

Lakini mwanawe Quincy alikuwa bado chuoni, na nyumba yao ya mtaani Kaptembwo haikuwa na mshahara mwingine. Basi Namalwa akashuka mtaa wa Rhonda kwa Celestine, msusi aliyesifika kwa hina, akamwambia anataka kichwa cheusi kabla ya Jumatatu.

Celestine alimweleza kwamba hina peke yake juu ya mvi hutoa rangi ya karoti, kwa hiyo angepaka hina kwanza, kisha unga wa nili. Akauliza kama kuna kitu kingine kimewahi kupakwa pale kichwani. Namalwa akasema hakuna. Kilikuwepo: dawa ya kuficha mvi aliyonunua kwa mchuuzi na kuipaka kimyakimya muda mrefu. Lakini mtu haungami umri wake kwa mgeni.

"Basi niachie nywele za kwenye chanuo, mathe," Celestine akasema. "Zilale kwangu nizijaribu. Zikishika vizuri, tunapaka."

Namalwa akamtazama vizuri. Nywele zake zilale kwa mtu? Kwao Bungoma nywele iliyong'oka huchomwa au hutupwa chooni. Aliye nayo ana kichwa chako mkononi. Tena alikuwa amesikia kwamba kaka wa huyu msusi ni msimamizi kule kule bandani. Akasema ataleta.

Jioni, pale plotini walikopanga vyumba, jirani yake Adongo, ambaye walifunga naye mboga meza moja, alikuwa amesahau chanuo lake kwenye mfereji wa kuchotea maji. Adongo ni mwenye mvi tupu, hajawahi kupaka kitu. Namalwa akazing'oa nywele zilizonasa, akazifunga kwa karatasi, akampelekea Celestine kama zake. Hakumwombea mabaya. Alijiambia tu kwamba Adongo akiamka mzima, msusi ni mtu safi. Asipoamka mzima, basi tumemjua.

Adongo aliamka mzima. Zile nywele za kwenye karatasi zilitoka nyeusi kama makaa, na Jumamosi Namalwa akaketi kwa Celestine amefungwa nailoni kichwani, ananuka majani mabichi. Walipomaliza kusuuza, Celestine alikikazia macho kile kichwa. Namalwa akanyakua kioo. Kichwa kilikuwa kijani, kijani cha sukuma wiki iliyolala.

"Zile ulizoniletea zilikuwa za nani?" Celestine akauliza.

"Wewe ulitumwa na nani?"

"Nitumwe? Mathe, kuna dawa ulipaka, na imegombana na hina. Hiyo ndiyo nilikuwa nataka kuona kabla sijakugusa."

Alipendekeza wanyoe. Namalwa akakataa, nywele mpya zingeota nyeupe, na watu wangeuliza amefiwa na nani. Akaenda zake amejitanda leso, bila kwaheri, bado anamwaza yule kaka msimamizi.

Jumatatu, langoni, kila mwanamke alivua kitambaa ili avae kofia ya wavu. Meneja, kijana wa viatu vinavyong'aa, alikuwa ananyoosha kidole: huku, kule, huku. Adongo akatumwa kule, kwenye kundi la wazee. Namalwa akavua leso yake, akangoja kidole kimtume huko huko.

Meneja aliangua kicheko.

"Cheki huyu mathe. Green kabisa! Huyu bado ana moto, anashinda hata hawa wasichana. Pita ndani."

Kundi la wazee likamtazama. Hakuna aliyecheka. Adongo alisogea hadi kwenye kamba iliyowatenganisha.

"Mama Quincy," akasema polepole, "wewe na huyu kijana mmejuana lini?"

Jibu lilikuwepo, lakini lilipitia kwenye chanuo la Adongo. Angeanzia wapi, mbele ya watu wote wale? Akaona askari wa lango anasubiri, akaona karo ya Quincy. Akavuta ile kofia ya wavu hadi masikioni, akaingia.

Ndani, vijana walikuwa wamekusanyika kwenye meza ya mwisho, wananong'ona kuhusu ahadi ile ya kreti na kama yupo bado anayeyakumbuka maneno yake. Namalwa alikuwa anayakumbuka yote. Akawaendea, na kabla hajafungua mdomo, mmoja alimkonyeza mwenzake, "Wa meneja huyo," wote wakainama kuchambua maharagwe.