Mti Usiotaka Kulishwa

Merle alikuwa na mimea mingi, lakini aliokuwa akiuzungumzia ulikuwa mmoja: mbrashi wake, ule uliosimama nyuma ya nyumba karibu na kamba za nguo. Ukiyaona maua yake utajua jina limetoka wapi, maana ni mekundu, marefu, nyuzi zimesimama pande zote kama brashi ya kuoshea chupa. Kila mwaka joto likianza, kasuku walijazana humo wakapiga kelele mpaka simu ikawa haisikiki. Mimi ni jirani wa upande wa pili wa ua, kwa hiyo kelele hizo zilikuwa zangu pia.

Alinifundisha kuutunza bila kuombwa. Maua yakisinyaa tu, kata tawi hapo hapo nyuma ya ua lililosinyaa. Ukingoja baridi ipite utakuwa unakata maua ya mwaka unaofuata. Viwavi wakijikusanya kwenye ncha za matawi, watoe kwa mkono na uache uoga. Na zaidi ya yote, usiulishe. Ni mti wa udongo wetu huu maskini, alisema, umezoea njaa. Ukiupa samadi ya kuku au unga wa mifupa, unaugua. Mumewe Clarrie, ambaye kama nusu ya wanaume wa mji wetu wa Bellingen ana tabia ya kwenda kukojolea mlimau akiamini unazaa zaidi, alikatazwa hata kuusogelea.

"Hayo mambo yako yamalizie kwenye mlimau," Merle alimwambia mbele yangu. "Nikikukuta kwenye mbrashi wangu, utalala nje."

"Kwa hiyo mti umenizidi cheo humu ndani?"

"Kwani umejua leo?"

Merle alikufa Februari, ghafla, moyo ulimsimama. Mwili wake ulichomwa, kama wengi wetu tunavyofanyiwa siku hizi, na Clarrie akakabidhiwa majivu kwenye chombo cha plastiki. Tulipokuwa tunakunywa chai baada ya ibada, alitutangazia kwamba Merle mwenyewe ndiye aliyetaka awekwe chini ya mbrashi. Watu wakafuta machozi. Mimi nilikuwa na kipande cha keki mkononi, nikaona ni jambo zuri, nikaendelea kula.

Kufika Agosti mti ulikuwa wa njano. Majani yamepauka, yamebaki na mishipa tu ya kijani, na ncha zimekauka kama zilizopitiwa na moto. Mtaa mzima ukasema mti unaomboleza. Muuza nyama alisema hivyo, mleta barua alisema hivyo, na Clarrie akaamini. Kila asubuhi alitoa kiti akakaa pale na chai yake, akaumwagilia maji huku anauongelesha. Maneno yale yalinichefua. Mti hauombolezi. Mti una kiu, au una njaa, au umevimbiwa.

Hapo ndipo wazo likanijia, nikaingia uani kwake.

"Clarrie, Merle umemweka wapi hasa?"

"Si hapo hapo chini ya mti?"

"Chini wapi? Ulimtawanya?"

"Nimtawanye kama chumvi? Nilichimba shimo pale kwenye shina, nikamlaza."

"Wote? Shimo moja?"

"Ulitaka nimkate vipande?"

Nikamweleza polepole, jambo ambalo kwangu si rahisi. Majivu ya mtu ni mifupa, nikamwambia. Mifupa na chumvi. Ndicho kile kile alichokuwa anakukataza.

Clarrie akaweka kikombe chini. "Unasema mke wangu ni sumu."

"Nasema mti wake unakufa. Akibaki hapo, Krismasi utakuwa kuni."

"Toka uani kwangu, Noreen."

Nikatoka. Miaka yote Clarrie alikuwa akikata nyasi za mbele ya nyumba yake kando ya barabara, anaunganisha na zangu bila kuambiwa. Jumamosi ile mashine yake ilifika mpakani ikageuza. Jumamosi iliyofuata vilevile. Nyasi zangu zikaota mpaka mbwa wa watu wakawa wanapotelea humo, nikajua amekasirika kweli. Nami kichwa changu si laini; niliziacha ziote.

Oktoba kasuku walikuja. Wakazunguka juu ya mbrashi, hawakuona hata ua moja, wakaenda kwa watu wengine. Kesho yake Clarrie akabisha mlango wangu wa jikoni, kavaa buti, sepetu mkononi.

"Njoo unishikie ndoo," alisema. "Sitaki kumfukua peke yangu."

Majivu hayakuwa yamechanganyika na udongo. Yalikuwa bonge moja la kijivu, gumu kama saruji iliyonyeshewa, na mizizi iliyoyagusa ilikuwa imeoza. Clarrie aliitupa sepetu akapiga magoti, akaanza kuyatoa kwa mikono. Sikujua nitazame wapi.

"Tutampatia mahali hapa hapa," nikasema ili kumpoza. "Labda pale kwenye mlimau."

"Merle kwenye mlimau? Unataka anifufukie?"

Tukacheka wote wawili. Kisha akaitazama mikono yake, imejaa mke wake.

"Noreen, hakusema awekwe hapa."

"Sasa alisema wapi?"

"Mtoni. Pale kwenye kina alipokuwa anaogelea akiwa msichana."

"Sasa wewe mwanamume, kwa nini..."

"Mtoni angeondoka."

Nikapiga magoti upande wa pili wa shimo, nikamsogezea ndoo.

Tulibadilisha udongo, tukaacha mpira ukitiririsha maji siku nzima ili chumvi iliyobaki ishuke, tukapunguza matawi yaliyokauka. Majivu akayavunjavunja mpaka yakawa unga, akayatia kwenye bati la biskuti, akaliweka mezani jikoni.

"Ukichipua, nitampeleka mtoni," alisema.

Basi nikaona kitu ambacho sikukitarajia. Kila asubuhi Clarrie alitoka kuukagua mti, tawi baada ya tawi, na uso wake haukuwa wa mtu anayetafuta machipukizi. Ulikuwa wa mtu anayeomba asiyaone. Mbrashi ungekufa, Merle angebaki mezani kwake.

Machipukizi yalitoka Novemba, laini, ya waridi, yana manyoya kama sikio la paka. Niliyaona kutoka upande wangu wa ua. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Siku zikapita, tukawa tunasalimiana, tunaongea habari za mvua, wala hakuna aliyegusa habari za mti. Kisha asubuhi moja akatokea mlangoni kwangu, shati na suruali vimepigwa pasi, bati kwapani.

"Umeshaona," alisema.

"Nimeona tangu Jumatatu."

"Mimi tangu Jumapili."

Mto Bellinger ulikuwa umejaa kiasi. Clarrie aliingia mpaka magotini na suruali yake nzuri, akafungua bati, akamimina taratibu. Majivu yalisimama juu ya maji kama wingu la maziwa kwenye chai, kisha mkondo ukayachukua, ukazunguka nayo kona, basi.

"Hata hakunisubiri," Clarrie alisema.

"Lini aliwahi kukusubiri? Kila mahali alifika akakuacha nyuma unafunga kamba za viatu."

Alicheka sana. Alicheka mpaka ikabidi atoke majini akae kwenye nyasi, na akiwa amekaa kicheko kikageuka, akalia kwa sauti, bila kujificha. Nikakaa karibu naye nimshike bega. Hapo ndipo nilipogundua kwamba na mimi nalia, kwa mara ya kwanza, maana tangu Februari nilikuwa nimeshughulika na mti tu, na rafiki yangu sikuwa nimemlilia.