Nyekundu Bila Kijani

Miaka yote ya ugonjwa wake wa ini, mke wangu alikatazwa mafuta. Kwa hiyo siku Mkuu wa maabara alipotueleza kwamba jeni ya kumponya itafungwa ndani ya vitone vya mafuta, vidogo kupita macho, ili ipenye kwenye seli, mke wangu alinigeukia. "Umesikia, fundi? Na wewe ulininyima hata yai la kukaanga."

Walimkata kipande kidogo cha ini, wakakuza seli zake kwenye visahani, wakazitilia hayo mafuta yaliyochanganywa na rangi inayong'aa. Baadaye Mkuu akatuita, akawasha skrini. Seli zilijaa vitone vyekundu, kama makaa gizani.

"Imeingia," akasema.

Neno hilo mke wangu alilibeba mpaka nyumbani, akawagawia mashemeji na majirani. Dada yake alikuwa amemtafutia kitanda hospitali nyingine, akakataa kwenda. Aende wapi tena, alisema, na dawa imeshaingia? Akakaa kungoja sindano. Sindano haikuja, kifo kikaja.

Mimi ni fundi rangi. Juzi watu wa maabara waliniita kupaka korido yao, maana wakubwa hawakumbuki sura ya mtu. Ukutani nikaikuta picha ileile ya seli za mke wangu, imekuzwa na kutiwa fremu, chini yake wameandika TUMAINI. Wageni husimama mbele yake wakapigwa picha.

Binti anayeshughulika na hadubini alikuwa anapita. Nikamwuliza, mwanangu, hii nyekundu ndiyo dawa yenyewe?

Akatazama sakafu. "Nyekundu ni mafuta tu, baba. Inaonyesha gari limefika. Mzigo ukishuka, yaani jeni ikianza kazi, seli inatoa kijani."

"Na kijani kiko wapi?"

"Hakikutokea. Nilimwambia Mkuu siku ileile."

Ukuta unaovuja ukiupaka rangi, unapendeza siku ya kukabidhi kazi, halafu unatoka malengelenge. Mimi nikifanya hivyo naitwa tapeli. Wao wakifanya, wanatia fremu.

Mkuu alipopita nikamwomba picha ile, niliyoishusha ili nipake, isirudi ukutani, kwa kuwa dawa haikuingia, na aliyeamini kuwa imeingia alikufa akiingoja. Akanigusa bega kama mtu anayejaribu kama rangi imekauka.

"Mzee, mambo ya kitaalamu tuachie wenyewe. Hiyo picha inatuletea wageni. Ukimaliza, irudishe palepale."

Hata hakuuliza aliyekufa ni nani wangu.

Nikamaliza kazi. Nikang'oa msumari, nikaziba tundu, nikapiga msasa, nikapaka mara mbili. Hata uupapase ukuta ule, hujui kama palikuwa na kitu. Picha nikaiviringishia turubai langu la kazi, nikaikumbatia mpaka getini. Mlinzi akauliza nimebeba nini kikubwa hivyo.

"Mke wangu."

Akacheka, akasema wa kwake habebeki, akanifungulia geti.