Mguu Ambao Hakuna Aliyeuaga

Mguu wa kulia wa Yangi ulizikwa kijijini kwao Kuluba, nyuma ya ghala la wimbi. Lori la tumbaku alilokuwa utingo wake lilipinduka, madaktari wa Arua wakaukata chini ya goti. Mama yake akaupakata kwenye basi mpaka nyumbani, umeviringishwa shuka, na hakuna abiria aliyethubutu kumuuliza amebeba nini.

Mguu wa mti alichongewa na Kasereka, seremala Mkongo wa pale Arua: mvule mtupu, mikanda ya ngozi juu, kipande cha tairi chini. Mwanzoni Yangi alianguka mpaka akamtukana seremala na ukoo wake. Kasereka akacheka tu. “Mutu anatembea na kichwa kwanza,” alimwambia. “Mguu itafuata.” Na kweli, ikafika siku Yangi akaenda soko la Koboko na kurudi bila fimbo, akajiona dume. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Vidole visivyokuwepo vilimwasha, na hakuna pa kukuna.

Mwaka wa sabini na tisa serikali ikaanguka, na askari walioshinda wakasemekana wako njiani kuja kulipiza kisasi. Kuluba nzima ikafunga virago kwenda Zaire. Mama yake Yangi akazunguka na kibuyu, akayamwagia maji makaburi ya ukoo na kuyaaga moja moja kwa jina, maana wafu wasipoagwa hufuata. Mguu hakuukumbuka. Mwenyewe yu hai, anakula muhogo, nani amuage?

Walipotoka asubuhi hawakufika mbali. Kila Yangi alipoutupa mbele mguu wa mti, uligeuka ukaelekea walikotoka. Akakaza mikanda; ukambwaga chini. Watu wakawapita na mbuzi na magodoro, na bunduki zikasikika upande wa Koboko. Yangi alishikwa na hofu hasa. Akamwambia mkewe, Mariam Poni, amchukue mama waende, yeye atafuata. Poni si mwanamke wa kuambiwa hivyo. Alikuwa ameinama, akitazama njia waliyopita.

Mvua ilikuwa imelainisha udongo. Kando ya kila duara la tairi palikuwa na wayo wa kulia, mtupu, kidole kidogo kimepinda. Poni alikijua kidole hicho. Yeye ndiye aliyekiosha kabla hakijazikwa.

“Mama aliaga watu yote,” alisema polepole. “Ile yako hakuna mtu aliambia.”

Yangi akarudi, na safari hii mguu wa mti ulienda vizuri, nusura ukimbie. Tangu mguu wa nyama uzikwe alikuwa hajalikanyaga kaburi lile; alilionea haya. Sasa akapiga goti nyuma ya ghala.

“Tunaenda Zaire,” akasema. “Kubeba wewe siwezi. Kaa hapa, chunga nyumba.”

Akalia kidogo, akainuka, na mguu wa mti ukamtii njia nzima.

Ng'ambo ya mpaka walikaa chini na wakimbizi wengine. Vidole vilikuwa vimenyamaza, na Yangi akamshukuru Mungu. Alasiri wayo wake wa kulia ukaanza kupata joto. Mama akamwona anauma meno, anashika hewa chini ya goti, akamuuliza kuna nini.

“Wamechoma nyumba,” Yangi akasema.

Moshi wa Kuluba ulikuwa bado haujaonekana. Wayo ukazidi kuungua kule nyuma ya ghala, na haukusogea.