Chumvi ya Otylia

Magoti ya Otylia yalikuwa mazima siku ile, na hilo ndilo lililomtafuna baadaye. Alimwambia Rozalka, binti yake wa ubatizo, kwamba yanamuuma, aende yeye kwa Truda kumwombea chumvi ya kabichi. Ukweli ni kwamba alikuwa amenuniana na Truda kwa sababu ya kuku, basi.

Alisahau kabisa aliyoyasikia Jumapili nje ya kanisa. Truda halali. Mora anamkalia kifuani, lile jinamizi ambalo mchana ni mwanamke kama wengine. Kwa hiyo Truda angemwita mora huyo usiku: njoo asubuhi nikupe mkate na chumvi. Mwanamke wa kwanza kubisha hodi asubuhi ndiye mora.

Alfajiri Rozalka alibisha. Tena akaomba chumvi, masikini.

"Kumbe ni wewe," Truda alisema, mkate mkononi. "Na ndiwe unayetaka kuolewa na mwanangu Klemens, umkalie na yeye?"

Rozalka alijitetea kwamba ametumwa na Otylia, anayeumwa magoti. Otylia akaulizwa mbele ya watu. Akikiri kwamba alimtuma, chumvi ni yake, na mora ni yeye. Aliogopa, akasema, "Sikumbuki."

Uchumba ukavunjwa. Kijiji kizima kikasema ubatizo wa msichana ulikosewa, ndiyo maana akawa mora. Rozalka hakumlaumu. Alikuja kila siku kumkatia kabichi, macho yamevimba, na kila siku alimuuliza, "Mama, magoti vipi leo?" Otylia alitamani angalau atukanwe.

Truda alilala salama wiki mbili, kisha mora akarudi. Truda akatangaza kwamba Ijumaa usiku atamwita tena, na safari hii Rozalka atafukuzwa kijijini.

Jumamosi, giza halijatoka vizuri, Otylia alifunga kitambaa kichwani akatembea upesi hadi kwa Truda. Alibisha.

"Wewe?" Truda alishangaa.

"Mimi. Nimekuja kuomba chumvi. Na ile ya kwanza ilikuwa yangu pia. Rozalka nilimtuma mimi."

"Si ulisema hukumbuki?"

"Nilikumbuka vizuri sana. Mwamshe Klemens aje asikie."

Truda alimtazama, akashusha macho hadi miguuni kwake. "Na magoti?"

"Hayajaniuma hata siku moja," Otylia alisema, akanyoosha mkono kupokea mkate.