Walao Majani Chini ya Mruka

Chini ya mruka, ule mti mkubwa wa kivuli, palikuwa pamefagiliwa hadi udongo ukabaki uchi. Reki ilikuwa imepita huku na huku, ikaacha mistari iliyonyooka kama nywele za mtoto aliyesukwa kwa ajili ya Krismasi, na pembeni, karibu na migomba, rundo kubwa la majani lilikuwa likifuka taratibu. Aikande alisimama na mkoba wake begani, asiamini macho yake. Alikuwa amepanda kutoka mjini asubuhi ile na furaha zake zote, na furaha hizo ziliishia pale.

"Nani amefanya hivi?"

Aliyejibu ni mdogo wake, Gidioni, akitokea upande wa kaburi la baba yao na simu mkononi. "Shikamoo, dada. Karibu nyumbani. Umeona palivyopendeza?"

"Nimeuliza nani amefanya hivi."

"Mimi. Kwani nani mwingine?"

Nani mwingine, kweli! Huko Masama, kama kwingi mlimani, kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, humwangukia kitinda mimba wa kiume, na kitinda mimba wa marehemu Mzee Ebenezeri alikuwa Gidioni. Alikuwa na kampuni yake Arusha ya kuwapandisha wageni mlimani, na nyumbani alionekana Desemba tu, wakati ukoo mzima unaporudi kutoka Dar na Mwanza kuja kutazamana nani amenunua gari gani. Desemba kila mtu huogopa aibu. Nyumba hupakwa rangi, ua hufagiliwa, na makaburi yaliyomo kihambani huvishwa saruji na vigae, maana mgeni akilikuta kaburi limefunikwa na majani huuliza kwa sauti kama huyu mzee hakuacha watoto. Aikande aliyajua hayo yote tangu utoto. Ndiyo maana alikuwa ameomba mapema, kwa mdomo na kwa simu, na bado akapazungushia kamba: pale chini ya mruka, juu ya kaburi na kando yake, jani lisiondolewe.

Pale ndipo ilipokuwa kazi yake. Alifundisha katika chuo kimoja mjini Moshi, akapanga nyumba mtaa wa Soweto, na tangu baba azikwe alikuwa akija kupiga magoti chini ya mti ule, kwanza kwa majonzi, halafu kwa udadisi. Alichunguza kuvu. Watu wakilisikia neno hilo hufikiria mkate uliooza, lakini yeye akifunua jani moja tu lililolowa aliona mtaa mzima wenye watu na tabia zao. Walikuwapo waliowahi jani likiwa bado na umanjano wake, wakala ulaini, wakaondoka kama wageni wa harusi wanaojua nyama inapoisha. Waliokuja nyuma yao walikuwa na subira. Walitafuna mishipa migumu ya jani la mringaringa hadi likabaki jeupe na jepesi. Wengine walikuwa na nyuzi nyeusi, kakamavu kama singa za mkia wa ng'ombe, wakashona jani kwa jani ili mvua isiyaburure mteremkoni. Waliokula jani la mruka hawakuwa walewale waliokula la mparachichi. Na alikuwapo mmoja mdogo, mwenye kofia ya rangi ya majivu, ambaye wataalamu wote aliowapelekea picha walishindwa kumtaja jina. Hakumwona popote pengine. Mvua hizi ndizo alizokuwa akizingoja ili amchukue na kumpeleka kwa wenye vifaa.

"Umewachoma," alisema.

"Nimechoma takataka. Ukoo unafika keshokutwa, mchungaji anakuja kubariki kaburi. Unataka apige magoti juu ya uyoga?"

"Baba alisema nini kuhusu saruji?"

"Baba alikuwa mgonjwa."

"Alikuwa mgonjwa wa miguu, Gidioni, si wa akili! Alisema msinifunike na saruji. Ulikuwa umekaa kitandani pale pale, unaitikia kwa kichwa."

Gidioni alitazama pembeni. Nyuma yake fundi alikuwa ameshachanganya zege, rundo zito la kijivu lililolowa vizuri, na mbao zilikuwa zimeshapigiliwa kuzunguka kaburi. "Mangi, niendelee?" fundi alimuuliza kwa sauti ya mtu anayetamani awe kwingine.

Hapo hasira ilimpanda Aikande, ile hasira isiyochagua maneno. Alimnyang'anya fundi koleo akalitupa kwenye mfereji uliopita pembeni, likaenda na maji kidogo kisha likakwama. "Unakuja mara moja kwa mwaka, unaitwa mwenye nyumba!" alimwambia mdogo wake. "Mimi ninayempeleka Mama hospitali ni mgeni. Sawa, hiyo ni mila, nimeimeza. Lakini kahawa ya majirani imedhoofika, ya kwako imesimama, na hujawahi kujiuliza inalishwa na nani!"

"Mbolea ipo dukani, dada."

"Dukani!" Aliingia ndani ya zile mbao, akasimama juu ya tuta la kaburi na viatu vyake vya mjini. "Haya. Nimwagieni na mimi hapa hapa."

"Shuka, Aikande."

Sauti ilitoka mlangoni. Mama yao alikuwa akija polepole, kanga imefungwa kiunoni, mikono ina unga. "Shuka juu ya baba yako. Na mdogo wako mwache. Mimi ndiye niliyemwambia."

"Wewe, Mama?"

"Mimi." Alifika akashika ubao wa juu, akapumua. "Pasaka ulikuja na lenzi yako. Ukaniita, Mama njoo uone. Ukanionyesha uzi mweupe ndani ya jani. Ukasema hawa wanakula kila kilichokufa, wasingekuwapo tungezama kwenye majani hadi shingoni. Ulikuwa unacheka, na mimi nikacheka, nikafurahi mwanangu amesoma. Toka siku ile silali vizuri. Mvua ikinyesha, asubuhi nawakuta wametoka juu ya kaburi, wamenenepa. Wamenenepa kwa kula nini, Aikande? Nikamwambia Gidioni, ziba. Ziba kabisa."

Aikande alishuka. Alitafuta pa kuipeleka hasira yake asipaone; kila alipoisukuma ilirudi na maneno yake mwenyewe, yale ya Pasaka, yaliyosemwa kwa furaha.

"Sasa niambie," mama aliendelea. "Wameshammaliza?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Angesema ndiyo, zege lingekosa maana, na wote wawili wangeumia kama alivyoumia yeye. Hasira ilimwambia aseme. Alifungua kinywa, akamwona Gidioni: simu ilikuwa imeshuka, midomo imeachana kidogo, jasho linamtoka. Tajiri wa Arusha alikuwa akingoja jibu lile lile, na kwa hofu ile ile.

"Hapana, Mama. Hawa hawafiki kule. Hawa ni wa juu, chakula chao majani tu. Nilikosea kusema kila kilichokufa."

"Basi kule chini kuna nani?"

Angeweza kukomea pale. Lakini hakuwahi kumdanganya mama yake, na hakutaka kuanzia kaburini.

"Wengine," alisema.

"Wengi?"

"Wengi mno."

"Unawajua?"

"Wachache. Wengine hakuna anayewajua."

Gidioni alifuta uso kwa kiganja. Aikande alikwenda kwenye rundo lililokuwa likifuka, akapiga magoti, akaanza kulifukua kwa mikono mitupu, akilaani kwa sauti ya chini kila lililoungua. Chini kabisa, ambako moto haukuwa umefika, kulikuwa na majani yaliyolowa, yameshonana, yenye weupe wa nyuzi hapa na pale. Hakujua kama yule wa kofia ya majivu alikuwamo. Hasira yake ilikuwa palepale, na machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuona haja ya kuyaficha. Aliyakumbatia majani yale kifuani, blauzi ikachafuka.

"Baba yenu hakujua kula peke yake," mama alisema, kana kwamba anazungumza na ubao. "Hata ndizi ya kuchoma, lazima aite mtu wa njiani."

Fundi alichomoa koleo lake mferejini, akalikung'uta, akamtazama Gidioni, Gidioni akamtazama mama.

"Mama," alisema, "zege linaganda."

"Liache ligande hapo hapo lilipo."